Tondozi ya Nuktamkato

Wengine wasifu wafalme, wengine nyati na manowari. Mimi mwandika programu natunga tondozi ya nuktamkato, yule mkato aliyejitwika nukta kichwani kama mchota maji na ndoo yake.

Msimdharau kwa kimo. Ni mwana wa watu: aliingia vitabuni kule Venice, kwa mchapishaji Aldus Manutius, mwishoni mwa karne ya 15. Lugha ya ALGOL 60 ilimpa kazi ya kutenganisha amri, na C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikampandisha cheo akawa mfunga amri.

Ukarimu wake nauona kila wiki. Jumatatu niliandika kwa C kitanzi cha kuhesabu hadi 10, kidole kikateleza, nikamweka asikoalikwa: while (i < 10); Hakugomba. Alikifunga kitanzi kikiwa kitupu, kompyuta ikazunguka palepale bila kuhesabu chochote, feni ikavuma kama mashine ya kusaga. Nikadhani kazi imekolea, nikaenda kufua mashati matano.

Jumatano nikahamia JavaScript, ambako ukimsahau hujileta mwenyewe. Niliandika return, nikashuka mstari ili jibu lipendeze machoni. Naye kwa huruma akajipachika ubavuni mwa return. Jibu langu likabaki yatima huko chini, programu ikarudisha undefined. Saa tatu za kumsaka zilinifunza kuliko muhula mzima wa darasani.

Ijumaa ilikuwa zamu ya hifadhidata. Niliandika swali la SQL, nikabonyeza Enter. Skrini ikajibu kwa mshale mmoja: ->. Nikasema swali ni zito, tulipe nafasi. Nikaosha vyombo. Mshale. Nikapiga deki, nikachambua mchele. Mshale uleule. Kumbe hifadhidata ilikuwa haijaanza kazi. Ilikuwa ikinisubiri mimi nimalize sentensi. Nikamgonga bwana mdogo, na jibu likaja kabla sijainua kidole.

Niambieni, ni msimamizi gani mwingine awezaye kumfulisha mtu, kumsomesha na kumpigisha deki ndani ya wiki moja, bila mshahara wala maneno?

Jumapili mama alikuja. Akapitisha kidole juu ya kabati, akatazama sakafu, akatabasamu: "Mwanangu, sasa umekua."

"Ahsante, mama," nikaitikia. Habari za mshale sikumwambia.