Pitia-pitia Tu, Mwalimu

Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ianze kutolewa mwaka 2023, mshindi wa kwanza akiondoka na shilingi milioni 10, huku Mbagala kila nyumba ina mpangaji mwenye mswada. Mimi ninayehariri kwa malipo nikadhani neema imeshuka. Kumbe kila mtu anajihariria mwenyewe. Kwangu wanaleta "kupitia-pitia" tu, kazi ambayo kwao haina bei.

Bwana mmoja mwenye duka la vipuri Tandika aliniletea mswada wake niuonje. Baba mdogo aliyezikwa Chang'ombe sura ya tatu, sura ya tisa amekaa mkekani anapokea mahari. Nikamwonyesha.

"Huyo baba mdogo mwingine, Mwalimu. Ukoo ni mkubwa."

Nikamtajia laki tatu. Akageuka kutazama kama kuna mtu mwingine ninayezungumza naye.

"Laki tatu za kusoma? Na hadithi unafaidi bure?"

Akanikumbusha kwamba marehemu Ben Mtobwa alianzisha Heko Publishers, akajichapishia riwaya zake. Ni kweli. Ila Mtobwa alikuwa mwanahabari. Huyu anauza gia.

Basi akahariri mwenyewe, pale pale kaunta, kati ya mteja na mteja, na kila akirudia ukurasa anauona mtamu zaidi. Ndivyo ilivyo: maneno uliyoyaandika mwenyewe jicho haliyasomi, linayakumbuka. Kijana wa steshenari alimtahadharisha kwamba kompyuta inapiga mstari mwekundu karibu kila neno, maana haijui Kiswahili. Akaamuru mistari yote izimwe, pamoja na michache iliyokuwa na haki zake.

Hela ya mhariri haikuwepo, lakini ya uzinduzi ilipatikana: ukumbi Temeke, MC, matarumbeta, na keki yenye umbo la kitabu. Kwenye jalada paliandikwa AJARI YA MAPENZI. Kwenye keki, AJALI YA MAPENZI. Mgeni rasmi akatazama kitabu, akatazama keki, akarudi kwenye kitabu, kisha akaomba maji.

Mwandishi alitoka nje kumpigia simu dada wa keki, anafoka kwamba kamharibia jina. Dada wa watu, mhariri pekee aliyewahi kuigusa kazi ile, alikuwa ameshalipwa, tena taslimu.

Keki ilipokatwa, nilihakikisha kipande changu kina ile L.