Namna ya Kumrudisha Bingwa wa Macho Darasani

Daktari bingwa wa macho ni mtu mgumu kumfundisha. Amesoma kuliko karibu kila mtu katika ukoo wake, wazee waliomzidi umri wanamtangulizia shikamoo, na kila siku ya upasuaji kuna mtu aliyeingia akishikwa mkono anayetoka akitembea mwenyewe. Sasa nenda ukamwambie kuna jambo halijui. Lakini lazima aambiwe, na mwongozo huu ni wa wale waliotwishwa kazi hiyo: katibu wa chama, mkuu wa idara, matroni, mfadhili mwenye fungu la semina, na bingwa mwenyewe akiwa na moyo wa kusoma mpaka mwisho.

Hatua ya kwanza ni kuahirisha ukumbi wa hoteli. Tunazijua semina zetu. Asubuhi watu wanasaini, saa nne wanakunywa chai na sambusa, kisha taa zinazimwa na mtu anaonyesha picha za retina mpaka nusu ya ukumbi inasinzia. Baada ya chakula cha mchana viti vinabaki vitupu, na jioni watu wale wale wanafufuka kwenye foleni ya cheti na posho. Kenya daktari anatakiwa kukusanya pointi 50 kila mwaka ili leseni yake ihuishwe. Ni sharti jema, na ningependa lisimamiwe kwa ukali zaidi. Ila sahihi ya asubuhi haijawahi kushona jicho. Mwaka 1999 Dave Davis na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA uchambuzi wa majaribio ya mafunzo ya madaktari: mihadhara mitupu haikubadilisha namna daktari anavyotibu, ila mafunzo yenye kushiriki na kufanya kwa vitendo yaliweza. Robo karne imepita na bado tunalipia ukumbi.

Bingwa atakujibu kwamba ana uzoefu. Msikilize kwa heshima, kisha mweleze kwamba mwaka 2005 watafiti walichambua tafiti zilizolinganisha miaka ya kazi na ubora wa huduma, na zaidi kidogo ya nusu zilionyesha ubora ukishuka kadiri miaka ya daktari kazini inavyozidi. Uzoefu bila kupimwa unamfanya mtu arudie kosa lile lile kwa mkono usiotetemeka.

Kwa hiyo mpime. Mwombe daftari la upasuaji la mwaka uliopita na umwulize swali moja: kati ya wagonjwa uliowatoa mtoto wa jicho, wangapi wanaona 6/18 au zaidi? Maana yake ni mtu aone kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima anakiona kwa mita 18. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo: wagonjwa wasiopungua asilimia 80 wafike hapo, na wanaobaki chini ya 6/60 wasizidi asilimia 5. Mabingwa wengi wanaweza kukutajia idadi ya macho waliyopasua bila kufungua daftari. Ukiuliza wangapi wanaona, chumba kinanyamaza.

Hapa ndipo darasa lenyewe lilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Asubuhi baada ya upasuaji bandeji inafunguliwa. Mama wa watu anakalishwa kwenye benchi, jicho moja amelifunika kwa kiganja, mbele yake chati yenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Hajui kusoma na hahitaji kujua. Anaelekeza vidole vyake upande ambao miguu ya E imeelekea. Juu, chini, kulia. Muuguzi anaandika namba. Namba ile ikibaki kwenye faili la mgonjwa, imekufa. Ikiingia kwenye daftari pamoja na ya jana na ya juzi, na ile ya wiki chache baadaye akirudi kliniki, imekuwa mwalimu.

Na mwalimu huyo hasemi tu kwamba mambo ni mabaya, anasema pia ubaya umetoka wapi. Mgonjwa asiyeona vizuri baada ya upasuaji huwa na sababu kati ya chache zinazojulikana. Pengine alikuwa na glakoma au ugonjwa wa retina tangu mwanzo na hakuchunguzwa vya kutosha. Pengine upasuaji uliharibika mezani, mfuko wa lenzi ukapasuka nyuma na ute wa jicho ukaja mbele. Au upasuaji ulikwenda salama na anahitaji miwani tu, kwa kuwa lenzi aliyowekewa haikuwa ya nguvu yake. Kila sababu ina somo lake, na kumpeleka bingwa kwenye kongamano la retina wakati tatizo lake ni vipimo vya lenzi ni kupoteza nauli. Kosa la milimita 1 katika kupima urefu wa jicho huleta kosa la dayopta kati ya 2.5 na 3 katika nguvu ya lenzi. Mpimaji akikandamiza kidogo tu kile kijiti cha mashine juu ya konea, jicho linasomeka fupi kuliko lilivyo. Hapo anayehitaji kufundishwa ni yule anayeshika kijiti, naye hajawahi kualikwa semina hata mara moja.

Daftari likishasema, mpeleke bingwa machinjioni. Nasema kweli. Macho ya mbuzi yanapatikana kila mji wa nchi hizi, ni ya bei ndogo, na hayalalamiki. Yachukue alfajiri yangali mabichi, yahifadhi kwenye ubaridi, yabane vizuri chini ya hadubini, umpe bingwa kisu kidogo na uzi mwembamba kuliko unywele. Aanze kuchimba njia katika ule ukuta mweupe wa jicho. Akichimba juu juu, paa la njia linatoboka. Akichimba ndani mno, anaingia kwenye jicho kabla ya wakati. Kwa mbuzi, kila kosa ni somo na hakuna familia inayosubiri nje. Arudie mpaka mkono ukubali.

Ushahidi wa jambo hili umetoka kwetu wenyewe. Madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa macho Kenya, Uganda, Tanzania na Zimbabwe waliingizwa katika jaribio lililoitwa OLIMPICS. Kundi moja lilipewa siku 5 za mazoezi makali Cape Town, wakipasua macho ya bandia chini ya uangalizi. Kundi jingine likaendelea na mafunzo ya kawaida kwanza. Matokeo yalichapishwa 2021. Katika mwaka uliofuata, kupasuka kwa mfuko wa lenzi kulitokea katika asilimia 7.8 ya upasuaji wa kundi lililofanya mazoezi, na asilimia 26.6 ya upasuaji wa kundi la pili. Tofauti hiyo ni watu, kila mmoja na jicho lake. Tukishazijua namba hizi hatuna ruhusa tena ya kumwacha daktari ajifunzie mkono wake kwenye jicho la bibi kutoka kijijini. Na hao walikuwa wanafunzi. Bingwa anayeanza mbinu mpya naye ni mwanafunzi siku hiyo, awe na mvi au asiwe nazo.

Mbinu gani afundishwe? Ile atakayoifanya Jumatatu akirudi kazini. Charles Kelman alianzisha mwaka 1967 upasuaji wa kuivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti, na ni kazi nzuri mno mahali penye mashine, vipuri na fundi. Lakini mwaka 2007 Sanduk Ruit na wenzake wa Nepal walionyesha kwamba njia ya tundu dogo isiyohitaji mashine hiyo ilitoa matokeo mazuri sawa, kwa muda mfupi na gharama ndogo zaidi. Kumfundisha daktari wa wilaya mashine asiyokuwa nayo, kisha kumrudisha akaone aibu kwa mbinu anayoiweza, ni kumharibu. Ikifika siku mashine ikaja, afundishwe siku hiyo, na fundi afundishwe pamoja naye.

Usimfundishe peke yake. Tanzania, madaktari wasaidizi wa macho wamebeba kwa miaka mingi mzigo wa upasuaji wa mikoani. Kenya kuna maofisa tabibu waliofunzwa kutoa mtoto wa jicho. Waite wote, na manesi wao. Kisha fanyeni zoezi ambalo sijaliona kwenye ratiba yoyote: zoezi la kumwambia bosi. Tunajua kwamba povidoni-ayodini ya asilimia 5 ikiwekwa machoni kabla ya upasuaji na kuachwa dakika zake inapunguza hatari ya maambukizi. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba cefuroxime ikiingizwa ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji hupunguza maambukizi ya ndani karibu mara 5. Haya yote yanategemea sista kuweza kusema, mbele ya watu, "Samahani dokta, dawa haijakaa muda wake." Na bingwa ajifunze jibu lake, alitamke kwa sauti, alirudie: "Asante, sista. Tusubiri." Wapo watakaoona kuchimba njia kwenye jicho la mbuzi ni rahisi kuliko sentensi hiyo.

Akigoma kabisa, mkumbushe Harold Ridley. Mwaka 1949 London aliweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la binadamu, baada ya kuona kwamba vipande vya plastiki vilivyoingia machoni mwa marubani wa vita havikuleta madhara yaliyotarajiwa. Wakubwa wa fani walimpinga kwa miaka mingi. Bingwa aliyesema wakati ule kwamba ameshamaliza kusoma aliendelea kutoa lenzi na kumwachia mgonjwa miwani minene ya maisha. Ridley alipewa heshima ya kifalme mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya kufa.

Fedha si kisingizio. Jarida la Community Eye Health limekuwa likitolewa London tangu 1988 na linasomwa bure. Orbis, wenye ile ndege iliyo hospitali ya macho, wana darasa la mtandaoni la Cybersight, nalo ni bure. Chuo cha mabingwa wa macho wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COECSA, kina makao yake Nairobi. Na machinjio yako karibu na nyumbani.

Nawe msomaji ambaye si daktari, una sehemu yako. Ukimpeleka mama kutolewa mtoto wa jicho, muulize daktari kwa adabu: wagonjwa wako wangapi wanaona vizuri baadaye, na ni lini mara ya mwisho ulijifunza jambo jipya? Una haki ya kuuliza. Kisha siku ya kurudi kliniki ikifika mrudishe mama, hata kama anaona mpaka sindano iliyoanguka sakafuni. Asiporudi, daftari litamkosa, na daktari wake hatajua alifanya nini.