Laptopu Isiyo na Mdomo

Ilifika kwa basi la usiku kutoka Nairobi, imeviringishwa kwa leso mbili na kufungwa kamba ya katani, na utingo akamkabidhi binti yangu pale stendi baada ya kumtaka ataje jina la aliyeituma. Nyumbani tuliifungua juu ya mkeka, watu sita tumeizunguka. Nikaigeuza. Nikaigeuza tena. Kulia matundu mawili ya USB, kushoto la chaja na la waya wa masikioni. Mdomo wa CD haupo.

"Aabo, unatafuta nini?" binti yangu akaniuliza. Aabo ndiyo baba kwa lugha yetu ya nyumbani.

CD nilikuwa nayo mkononi. Mwaka 2008 niliiomba kwenye mtandao, nikajaza namba ya sanduku la posta la shule, na baada ya wiki nyingi ikaja bahasha kutoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na Ubuntu 8.04, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwenye jalada la karatasi, na hakuna aliyenidai hata senti ya stempu. Kampuni ya Mark Shuttleworth, yule Mwafrika Kusini aliyeanzisha Ubuntu mwaka 2004, ilizituma CD hizo dunia nzima hadi 2011 ilipoacha. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na jina lile lilinigusa kuliko programu yenyewe, kwa maana ubuntu wao ndio utu wetu. Nikaiweka kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Binti huyu alikuwa na miaka miwili. Niliahidi kimoyomoyo kwamba siku atakayopata kompyuta yake, nitamwekea hiyo.

Nayo laptopu (shuleni nawafundisha waseme kipakatalishi, nyumbani hatusemi) tuliinunua kwa bei nafuu kwa sababu haikuwa na Windows. Ukiiwasha unapata FreeDOS, skrini nyeusi yenye herufi nyeupe na kamstari kanakopepesa kakisubiri amri. Chuo kilikuwa kinafunguliwa baada ya siku tisa.

Nikaamua kupakua Ubuntu mpya kwa simu. Namba za Ubuntu ni mwaka na mwezi: yangu ya zamani ilitoka Aprili 2008, hii 24.04 ilitoka Aprili 2024. Ile iliingia yote kwenye CD moja, chini ya MB 700. Hii inakaribia GB 6. Nilinunua bando la usiku, nikaianzisha saa sita. Joto la Garissa halingoji jua. Usiku ule hata upepo wa mto Tana haukufika kwetu, na simu ikaanza kuchemka, ikatoa onyo, upakuaji ukasimama. Mama yangu, ambaye watoto humwita Ayeeyo, alikuwa macho akisubiri kuswali tahajudi. Akanyoosha mkono bila neno. Akaichukua simu, akaifunga kitambaa kikavu, akailaza juu ya kifuniko cha mtungi wa maji pale kibarazani. Mtungi ule wa udongo hutoa jasho usiku kucha, kifuniko chake ni baridi kama sakafu ya msikiti. Alfajiri faili lilikuwa limeingia lote.

Nilitaka flashi. Kwenye droo ya kabati la vyombo palikuwa na moja ya kijani, GB 16. Nikaiunga na simu kwa kile kiwaya kifupi, nikabandika faili bila kutazama kilichomo. Simu ikakataa. Nafasi ipo, lakini inakataa. Nikachukua flashi na simu nikaenda saiba karibu na soko.

Kijana wa saiba alinieleza kwa subira, nami nawaeleza wengine alivyonieleza. Flashi nyingi hupangwa kwa mtindo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Na hata ingepokea, kunakili hakutoshi. Faili lile ni picha ya diski nzima, lazima liandikwe kwenye flashi kipande kwa kipande, mwanzo hadi mwisho, ili kompyuta ikiwaka ione flashi kama ilivyokuwa ikiona CD. Ndiyo sababu kila kilichokuwa ndani hufutika.

"Maalim, humu mna folda moja. Kuna kitu unakitaka?"

Muadhini alikuwa ameanza adhana ya magharibi. Nikasema hakuna.

Nyumbani, binti yangu ndiye aliyeshika kibodi. Laptopu yenyewe ni HP. Ukiiwasha unabonyeza Esc papo hapo, halafu F9, ndipo ikuulize uanzie wapi. Mara tatu tulichelewa, FreeDOS ikatutokea. Mara ya nne akaweka kidole juu ya Esc kabla hata hajaiwasha, akawa anagonga kama mtu anayebisha hodi kwa dharura. Flashi ikaorodheshwa. Skrini ikapauka, ikatulia, ikaja rangi ya zambarau, na kaka zake wawili wakapiga makofi. Stima ilikatika tukiwa nusu ya kazi, betri ikatubeba. Alipofika mahali pa saa za eneo akachagua Nairobi, akaandika jina lake, na ilipotimia saa tano usiku tukachomoa flashi, laptopu ikawaka yenyewe.

Kesho yake, Ijumaa, walikuja wageni kutoka Wajir, na mke wangu akafungua droo.

Arusi ya mdogo wake ilifanyika Wajir miaka mitano iliyopita. Simu iliyorekodi iliibwa. Bibi arusi sasa yuko Minneapolis, hatujamwona tangu aondoke. Picha na video zilizobaki duniani zilikuwa kwenye ile flashi ya kijani, na mke wangu alikuwa akiitia kwenye televisheni kila wakija jamaa. Nilimwambia mbele ya wageni, kwa sababu sikupata njia nyingine. Hakupandisha sauti. Aliirudisha droo taratibu, akatoka nje kupuliza makaa, akakaa huko mpaka chai ikachemka ikamwagika.

Siku mbili nyumba yetu haikuwa na maneno ila ya lazima. Nilijuta, na bado najuta. Yule kijana aliniuliza swali rahisi nami nikalijibu bila kugeuza uso.

Jumapili binti yangu alinijia. Alikuwa amepigana na Wi-Fi iliyogoma kutambuliwa, akaiponya kwa kuunga simu kwa waya wa USB na kupakua alichokosa. "Aabo, usiitie ile flashi popote. Chochote kitakachoandikwa juu yake kinazidi kufuta." Kisha akanichorea mstari kwenye daftari. Flashi ina GB 16. Ubuntu imekalia GB 6 za mwanzo. Zinazofuata zimepoteza orodha tu, yaani kompyuta haijui tena kitu gani kiko wapi, lakini huenda vitu vyenyewe vimelala palepale. Kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec, kazi ya Mfaransa Christophe Grenier, inayopitia flashi sehemu kwa sehemu ikitafuta alama ambazo picha au video huanza nazo. Akaandika amri, ikaja ndani ya kifurushi cha testdisk, akaielekeza ihifadhi kwenye laptopu na si kwenye flashi.

Ilianza kazi baada ya adhuhuri. Namba ikapanda: picha 12, picha 40, video 1. Mke wangu alipita mara mbili na beseni la nguo. Mara ya tatu akaliweka chini.

Tulipata picha 211 na video nne. Majina yote yalikuwa yamepotea, kila faili limepewa herufi f na namba ndefu. Mlango wa ukumbi hatukuupata, wala bibi arusi akiingia. Video moja ilianzia katikati ya buraanbur: wanawake wamesimama duara, mmoja anaimba, wengine wanapiga makofi, na aliye katikati ya duara ni Ayeeyo, shashi begani, anacheza. Ayeeyo mwenyewe alisogea mpaka pua ikakaribia skrini. Akaanza kupiga kofi kwenye goti, kwa mapigo yale yale.

"Rudisha nyuma," mke wangu akasema, maneno yake ya kwanza kwangu tangu Ijumaa. Nikarudisha. Tukaitazama mara nne.

Binti yangu alizinakili zote mahali pawili, nakala moja kwenye simu ya mama yake. Kisha mke wangu akaichomoa flashi ya kijani, akaifunga kwenye pindo la leso yake mafundo mawili, akaniambia nikanunue nyingine.