Namna ya Kumpenda Mnyonya Damu na Kesho Bado Ukafika Shule

Soma kitabu kwanza. Usichungulie kurasa mbili tatu ukitafuta cha kulaumu: kisome usiku, shuka limefika kidevuni, hadi mama agonge mlango na kuuliza kwa nini taa bado inawaka. Twilight ya Stephenie Meyer ilitoka Marekani mwaka 2005, ikafuatwa na vitabu vingine vitatu kufikia 2008, na nakala za mfululizo huo zilizouzwa zimepita milioni 100. Wakubwa wengi wanaoikataza hawajawahi kuifungua. Vijana wanalijua hilo, ndiyo maana hawawasikilizi.

Kwa aliyepitwa: Bella Swan ana miaka 17. Anaondoka Phoenix, mji wa jua kali kule Arizona, kwenda kuishi na baba yake Charlie, mkuu wa polisi wa Forks. Forks ni mji wa kweli wa jimbo la Washington, una watu elfu tatu na ushei, na mvua yake haina simile. Shuleni, kwenye kipindi cha bayolojia, anakalishwa kando ya Edward Cullen. Edward ni mzuri kupita kiasi, ana pesa, anaendesha Volvo, na amekuwa na miaka 17 tangu 1918, alipogeuzwa mnyonya damu huko Chicago akiwa mahututi kwa ile homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima. Yeye na jamaa zake wamejizuia, wanakunywa damu ya wanyama tu. Hata hivyo anakiri kwamba siku ya kwanza darasani alikaribia kumuua Bella. Basi mapenzi yakaanza.

Kabla hujamcheka Bella, tambua riwaya hii imeshika nini. Edward anasikia mawazo ya kila mtu isipokuwa ya Bella. Hebu tulia hapo. Msichana asiye na cheo chochote, anayejikwaa hata penye sakafu tambarare, ana chumba kichwani mwake ambacho kiumbe wa zaidi ya miaka mia hawezi kukiingia. Kijana wa miaka 14 simu yake inapekuliwa nyumbani, begi lake linapekuliwa shuleni, na kila shangazi anayepita sebuleni ana la kusema juu ya mwili wake. Anapoambiwa kwamba akili yake ni mali yake mwenyewe, na kwamba hilo ndilo linalomfanya apendwe, amepewa kitu ambacho sisi wakubwa tumesahau kumpa. Mwandishi aliyeona hivyo anawafahamu vijana, na mimi namvulia kofia.

Tena anajua kuchelewesha. Mkono kugusa mkono unachukua ukurasa mzima, kama unavyochukua usiku mzima kichwani mwa mtu anayependa kwa mara ya kwanza. Toleo la kwanza lina kurasa 498, na watoto waliokuwa wakiapa kwamba hawapendi kusoma walizimaliza, wakadai nyingine. Wapo waliovuka wakaenda hadi Wuthering Heights ya Emily Brontë kwa sababu tu Bella anaisoma. Wachapishaji waliliona hilo, wakaitoa upya riwaya hiyo ya 1847 ikiwa na jalada la kufanana na la Meyer.

Umeshapenda? Vizuri. Sasa mng'oe Edward meno. Kazi hii ni rahisi na inafurahisha ukiifanya na wenzako. Chukua tendo lake moja, mvue uzuri, pesa, Volvo na kutokufa, kisha tendo hilohilo mpe kijana anayeuza vocha pale kona. Edward anaingia chumbani kwa Bella usiku, anasimama kumtazama akilala, na amelifanya hilo mara nyingi kabla Bella hajajua. Muuza vocha akifanya hivyo, kabla ya alfajiri mtaa mzima uko nje na fimbo, mjumbe wa nyumba kumi ameshaamshwa, na hakuna atakayesema maskini, kijana wa watu anapenda. Edward anamfuata Bella kwa siri hadi mji wa Port Angeles. Muuza vocha naye mpandishe daladala ya nyuma. Katika kitabu cha tatu, Eclipse, Edward anachomoa kifaa kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kumwona rafiki yake Jacob. Haki isemwe: baadaye anakubali kwamba alikosea na anamwachia aende. Lakini gari la mtu limeshaharibiwa, na msomaji ameshaombwa aone kwamba huko ni kujali.

Msomaji wa Pwani ana silaha ya ziada. Amekua akisikia habari za jini mahaba: anamwona binti, anamtaka, anamjia usiku, anamwonea wivu, kila mchumba akija anamvuruga. Tabia kwa tabia, huyo ni Edward. Ila kwetu, jini mahaba akijulikana, ndugu hukusanyika kutafuta mtu wa kumsomea binti dua. Hakuna anayeanza kuchagua sare za harusi.

Usidhani Jacob, ambaye naye anampenda Bella, ndiye dawa. Wasomaji waligawanyika kama Simba na Yanga, wa Edward huku na wa Jacob kule, na wa Jacob walijiona wamechagua kijana mwenye joto la kibinadamu. Katika Eclipse kijana huyo anambusu Bella kwa nguvu. Bella anampiga ngumi ya uso na kuvunjika mkono wake mwenyewe. Wanafika nyumbani, Charlie anasikia kilichotokea, na baba huyo, mkuu wa polisi, anafurahi kwa ajili ya Jacob. Mwandishi ameiandika kama kichekesho. Kama una mtoto wa kiume au wa kike nyumbani, tendo hilo la Charlie lizungumzieni mezani siku hiyohiyo. Wanyonya damu hawapo. Baba anayecheka binti yake anapolazimishwa yupo, tena si mbali.

Kuna mahali pamoja ambapo sitaki mchezo. Katika kitabu cha pili, New Moon, Edward anaondoka, na kurasa nne zinabaki tupu isipokuwa jina la mwezi kwa kila ukurasa: Oktoba, Novemba, Desemba, Januari. Sijui kama riwaya hizi zina ukurasa wenye nguvu kuliko hizo nne. Aliyewahi kuachwa anazisoma zote. Kisha Bella anagundua kwamba akijitia hatarini anaisikia sauti ya Edward, basi anaendesha pikipiki ovyo na kuruka kutoka kwenye genge hadi baharini. Riwaya inamlipa kwa hilo, maana ndilo linaloanzisha safari ya kuwarudisha pamoja. Wewe unayesoma, ukiona kitabu kinakusimulia wewe, kifunge kidogo umtafute mtu mzima unayemwamini. Na wewe mtu mzima, ukitafutwa, usianze kwa kusema ni mambo ya kitoto.

Jacob na wenzake wanaogeuka mbwa mwitu wameitwa Waquileute, na hao ni watu wa kweli, wenye kijiji cha La Push ufukweni karibu na Forks. Simulizi zao za asili zinasema walitokana na mbwa mwitu. Uadui na wanyonya damu ni wa Meyer. Wakati watalii wakimiminika kutafuta nyumba ya Bella, kijiji chenyewe kilikuwa kikiomba ardhi ya juu kwa sababu shule yake ilikuwa mahali panapoweza kufagiliwa na tsunami, na sheria ya kuwapa ardhi hiyo ilipitishwa mwaka 2012. Kijana aliyempenda Jacob na ajue kwamba watu wake wana habari zao wenyewe, na anaweza kuzitafuta.

Zoezi jingine Meyer mwenyewe ameshalirahisisha. Mwaka 2015, baada ya miaka ya kuambiwa kwamba Bella kazi yake ni kuokolewa tu, alitoa Life and Death, hadithi ileile ambamo mnyonya damu ni msichana, Edythe, na anayejikwaa ni mvulana, Beau. Gawana na kaka yako vitabu viwili hivyo, Twilight na Life and Death. Kila mmoja aweke alama ya penseli penye mwenendo ambao asingeuvumilia, kisha mlinganishe alama. Mtabishana sana, na huo ni usomaji bora kuliko maswali mengi ya mtihani wa fasihi niliyoyaona.

Kitabu cha nne, Breaking Dawn, kisubiri umri uongezeke. Bella anaolewa akiwa na miaka 18 na kupata mimba kwenye fungate, mtoto anamvunja mbavu akiwa bado tumboni, na uzazi wenyewe unamfikisha ukingoni mwa kifo ndipo anageuzwa mnyonya damu. Halafu Jacob, ambaye siku zote alikuwa akimtaka mama, anafungamana maisha na kichanga Renesmee saa ileile kinapozaliwa, na jamaa wote, baada ya ghadhabu ya Bella kupoa, wanalizoea. Hapo mzazi asome pamoja na mwanawe, bila mahubiri, na aulize swali moja tu: Renesmee akishakua, akitaka kusema hapana, mwandishi amemwachia mlango upi?