Somo la Uraia kwa Pedi

Kuna watu Singida wanaotaka vijana watolewe kwenye mabanda ya gemu, eti Grand Theft Auto: San Andreas inafundisha uhalifu. Tuwasikitikie. Gemu hiyo ya mwaka 2004 ina jiji la kubuni, Los Santos, lililoigwa kutoka Los Angeles, lakini kwa uhalisia wake hata mzaliwa wa Misuna, hapa Singida, hawezi kupotea humo. CJ, mhusika mkuu anayeongozwa na mchezaji, akivunja sheria, nyota za kutafutwa zinajipanga juu ya skrini. Zikifika 6, jeshi linaingia na vifaru. Hapo ndipo kijana anapojifunza utulivu: anaokota alama ya rushwa iliyowekwa pembeni, nyota moja inazimika papo hapo, bila risiti wala usumbufu. Au anaingiza gari gereji, linapakwa rangi mpya, linatoka safi kama mgombea aliyehama chama. Kitabu gani cha uraia kinaeleweka upesi namna hiyo?

Wapinzani watasema bodaboda wetu wameiga humo kupita upande usio wao. Hoja dhaifu: wengi wao hawajawahi kushika pedi ya gemu, na bado CJ hafui dafu mbele yao. Kasoro ninayoikubali ni moja tu, nayo ni uzushi usiovumilika. CJ akipigwa risasi, anaamka nje ya hospitali akiwa mzima, ametibiwa kwanza, kisha ndipo anakatwa pesa. Mtoto akizoea hayo, siku moja atafika dirishani mikono mitupu, akitegemea kuulizwa anaumwa wapi.