Uainishaji wa Mikutano ya 3 Desemba kwa Kipimo cha Maji Kupwa na Kujaa

Tangu mwaka 1992, Umoja wa Mataifa ulipoifanya 3 Desemba kuwa Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, mafanikio ya mikutano yake yamepimwa kwa idadi ya fulana zilizogawiwa. Kipimo hiki kina faida moja: fulana huhesabika hata kama mgeni rasmi hajafika. Kwa Kata ya Dimani na vijiji vya delta ya Rufiji, tunapendekeza kipimo kingine.

Jamii ya kwanza ni Mkutano-Fulana. Hutambulika kwa spika kubwa, mabango yanayonukia wino na turubai moja, ambalo hufungwa juu ya meza kuu. Walengwa huketi juani. Mengi hayahitaji kuelezwa hapa.

Jamii ya pili, Mkutano-Risala, ina akili zaidi lakini maisha yake ni mafupi. Huanza na "itifaki imezingatiwa", hutaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kisha hukabidhi karatasi. Jibu la mgeni rasmi ni "tumeyapokea". Yamewekwa wapi, hakuna aliyewahi kuonyeshwa.

Jamii ya tatu, Mkutano-Nauli, ni adimu, nayo ndiyo inayohitaji utaalamu wa bahari. Mtu anayetumia kiti mwendo huko Maparoni hupanda boti hadi Nyamisati, kisha hutafuta usafiri wa nchi kavu. Siku za bamvua, katika pwani yetu maji hukupwa sana asubuhi. Sasa tazama kalenda: 3 Desemba 2024 iliangukia siku mbili baada ya mwezi mwandamo, na ile ya 2025 ilitangulia mwezi mpevu kwa siku chache tu. Yaani bamvua mara zote mbili. Mwaliko unasema saa 4 kamili, na saa hizo mtumbwi umekaa juu ya tope la mikokoni, kiti mwendo kimefungwa kamba mbele, mwenyewe ameketi juu ya gunia, na nahodha anasema, "Tusubiri, mama, yatajaa." Polisi hupewa taarifa saa 48 kabla ya mkutano. Bahari haipelekewi taarifa, na mwenyekiti wa kamati ya maandalizi hushangaa kwa nini delta "hawakujitokeza".

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: mkutano uliofana ni ule ambao ratiba yake ilipangwa na mtu anayejua kupwa na kujaa, na bajeti yake ilianza na nauli ya kwenda na kurudi, ya mhusika na ya anayemsukuma, kabla ya fulana. (Posho ya mkalimani wa lugha ya alama nayo iandikwe humo humo. Mkalimani aliyetafutwa asubuhi ya siku yenyewe ni mpwa wa mtu.)

Wenzetu wa mbali wanathibitisha. Aprili 1977, huko San Francisco, watu wenye ulemavu zaidi ya 100 waliingia katika jengo la serikali na kugoma kutoka kwa wiki kadhaa, wakidai kanuni za kutekeleza kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakazungumza kwa alama na wenzao walio nje. Chama cha Black Panther kiliwapelekea chakula cha moto. Kanuni zilitiwa saini 28 Aprili. Fulana haitajwi popote kama sababu.

Kanuni ya pili ni ya kipaza sauti. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Mkutano hupanda daraja pale mwenye fimbo nyeupe anapokishika kipaza sauti mwenyewe, si kupitia msemaji, akauliza: mwaka huu hizo 2 zilikuwa shilingi ngapi, zikaenda kwa vikundi vipi? Watafiti wapime muda unaopita kabla ya meza kuu kuanza kunong'onezana. Na jibu likija lina tarakimu, mtendaji aliandike kwenye kitabu papo hapo, maana saa 10 maji yamejaa na boti ya Maparoni haimsubiri mtu.