Feni ya Meneja

Nyumba yenye feni moja haina haja ya kuulizana nani mkubwa. Subiri Februari ya Dar es Salaam ifike, umeme uwepo, halafu tazama feni imeelekea wapi. Kwetu Tabata nilidhani itanielekea mimi. Kodi nalipa mimi, na feni yenyewe niliinunua mimi Kariakoo, nikaipakata kwenye daladala mpaka nyumbani. Leo ina mwenyewe. Ana uzito wa kilo moja hivi, hana mkia, na akisikia mfuko wa nailoni ukichakarishwa jikoni hupiga mluzi mpaka jirani akatuuliza kama tumefunga kengele ya wezi.

Anaitwa Meneja. Ni simbilisi. Mwenzake ni Mhasibu. Majina waliyatoa watoto baada ya kuona kwamba wanyama hawa hula kuanzia asubuhi hadi usiku, hawana kazi yoyote inayoonekana, na mtu akifungua mlango ghafla wote wawili hukimbilia nyuma ya boksi.

Hawakuja kuwa watawala. Shangazi yangu wa Mafinga aliwatuma kwa basi wawe kitoweo. Kule nyanda za juu wapo wanaofuga simbilisi jikoni: wanazurura karibu na mafiga, wanaokota maganda ya ndizi na majani ya mahindi, na siku akija mgeni idadi yao inapungua bila kelele. Sisi tulikosea hatua moja tu, tulichelewa kuchinja. Watoto walifika kwenye boksi kabla ya kisu, na mtu akishapewa cheo huwezi tena kumtia kwenye sufuria.

Ukifikiria safari yao utawahurumia. Waliondoka Mafinga asubuhi yenye ukungu, kondakta amevaa koti. Wakateremka Kitonga. Ruaha Mbuyuni, ambako abiria hununua vitunguu dirishani, joto likawapokea. Mikumi likaongezeka. Chalinze likaanza kubeba na unyevu wa bahari. Walipofika stendi ya Mbezi, boksi lao la mafuta ya kula lilikuwa na matundu mengi kuliko mabati ya jiko letu la nje, na bado walikuwa wanahema. Asili ya wanyama hawa ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako watu waliwafuga kwa maelfu ya miaka, nako pia jikoni. Peru wana hata siku ya kitaifa ya kuwaadhimisha, Ijumaa ya pili ya Oktoba, na namna kuu ya kuwaadhimisha ni kuwala. Nilimweleza binti yangu wa darasa la tano habari hiyo kwa matumaini fulani. Akaniuliza kama Peru wana feni.

Nyumba yetu ina chumba kimoja cha nyuma kisicho na dari, bati tupu. Huko ndiko tulikowaweka mwanzoni, kwa hoja kwamba ni wanyama. Saa nane mchana mmoja binti alitoka huko anapiga kelele. Meneja alikuwa amelala ubavu, miguu ameinyoosha, anahema harakaharaka, na kidevu kimelowa mate. Shemeji yangu, ambaye ana ufumbuzi wa kila jambo na kazi hana, alishajaza ndoo maji na kumimina barafu akitaka kumtumbukiza mzimamzima. Kilichomwokoa Meneja ni simu. Mke wangu alimpata daktari wa mifugo anayetibu kuku wa mtaani kwetu, naye akapiga kelele hadi sote tukasikia bila spika: acheni ndoo! Maji ya barafu yanabana mishipa ya damu kwenye ngozi, joto linafungiwa ndani, na mshtuko peke yake unaweza kumuua. Mwekeni kivulini sakafuni, mloweshe masikio na nyayo kwa maji ya kawaida ya bomba, mzungushieni kitambaa kibichi, mwekeeni maji karibu lakini msimmiminie mdomoni. Tukafanya hivyo. Magharibi ilipoadhiniwa Meneja alikuwa anatafuna ukoka, na shemeji alikuwa amekaa na miguu ndani ya ile ndoo.

Kesho yake daktari alipita. Akaeleza kwamba simbilisi hatoki jasho, wala hawezi kujipoza kwa kuhema kama mbwa. Joto lake hutokea zaidi kwenye masikio na nyayo, na hivyo ni viungo vidogo kwa mwili wa namna ile uliojaa manyoya. Hali inayomfaa ni nyuzi 18 hadi 24. Ikipita 28 matatizo yanabisha hodi, na unyevu unayazidisha. Nikamkumbusha kwamba mwezi huu mchana unapita 30 na usiku wenyewe haushuki chini ya 25. Sasa katika saa zote hizo, ni saa ngapi mnyama huyu yuko salama?

“Mzee,” akasema huku anajifuta shingo, “kwani wewe uko salama saa ngapi?”

Kisha akamshika Mhasibu, akampapasa tumbo, akatutangazia kwamba ni mjamzito. Wenye mimba ndio wa kwanza kuzidiwa na joto. Tangu dakika ile madaraka yote ya nyumba yalihamia kwa binti yangu.

Amri ya kwanza ilihamisha banda hadi kwenye korido, sehemu pekee yenye marumaru na isiyopigwa na jua. Hapo ndipo mimi hulala chali baada ya chakula cha Jumapili. Nikasogea. Amri ya pili ilihusu chupa za maji zilizogandishwa, zizungushiwe taulo zisiwaunguze ngozi, walalie wakitaka. Taulo ni langu. Friza nayo ni ya mke wangu, anagandishia barafu za ubuyu za kuuza, na chupa nne za lita moja na nusu zilipoingia, mtaji ukatoka. Kulifanyika kikao. Mke wangu alionyesha kwa hesabu kwamba kila chupa inakula nafasi ya barafu nyingi tu za watoto wa shule. Binti akajibu kwamba ubuyu hauna mimba.

Kuhusu chakula, daktari alituambia kwamba simbilisi, kama sisi binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, na kwamba matone ya vitamini yakitiwa kwenye maji huharibika upesi, na joto huyaharibu upesi zaidi. Bora wapate pilipili hoho. Basi hoho zikaanza kwenda koridoni. Wiki nzima nilikula maharage yaliyoungwa kwa kitunguu na nia njema.

Lakini vita kamili ilikuwa feni. Mimi nilikuwa na hoja ya kisayansi: mnyama asiyetoka jasho feni inamsaidia nini? Jasho ndilo linalokauka na kupoza, na jasho hapa ninalo mimi, tena ndoo nzima. Nilidhani nimeshinda. Binti akampigia daktari, akarudi na hukumu: kweli feni isiwapulize moja kwa moja, inawasumbua. Inatakiwa ipite pembeni, mbele yake ining'inizwe khanga mbichi au iwekwe chupa ya barafu, ili hewa ya koridoni iwe inatembea. Yaani feni inapuliza khanga, khanga inapoza korido, na mimi nipo sebuleni na gazeti. Jirani yetu Mama Neema alikuja kuazima ungo, akasimama mlangoni akitazama mtambo ule kwa muda mrefu.

“Baba Eliya,” akasema, “hao panya wanaumwa?”

Usiku mmoja umeme ulikatika, joto likakaa juu yetu wote bila kuchagua. Mmoja baada ya mwingine tukajikuta koridoni, tumelala kwenye marumaru kuzunguka banda, maana ndipo palipokuwa na chupa za barafu. Shemeji aliiba moja. Alfajiri tuliamshwa na mlio mwembamba: Mhasibu alikuwa amezaa watatu. Watoto wa simbilisi huzaliwa na manyoya, macho wazi na meno yote, na muda si mrefu wanakimbia. Mmoja alikuwa ameshakagua sikio la shemeji. Wakaitwa Katibu, Mweka Hazina na Mjumbe.

Mwezi wa tatu shangazi akaja. Alishuka kwenye bajaji na sweta lake, kitenge juu ya sweta, na furushi la viazi. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa: “Wale mboga mliwapikaje?” Watoto wakamshika mkono wakampeleka koridoni. Alitazama khanga, chupa zilizovaa taulo, kibakuli cha hoho zilizokatwa vizuri. Akanigeukia.

“Mwanangu, mimi nimekuzoea tangu mdogo. Sema ukweli. Mnaabudu?”

Sikuwahi kujibu. Shangazi alianza kujipepea kwa mkono, akavua kitenge, akavua sweta, akasema hewa ya huku ina maji, akatafuta ukuta wa kuegemea. Binti yangu alimwangalia usoni kwa makini ya mtu aliyesomea kazi yake. Akamketisha kwenye marumaru, akamvua viatu, akalowesha kitambaa kwa maji ya bomba, akamfuta nyayo, akampitishia na nyuma ya masikio. Chupa ya barafu ikazungushiwa taulo langu na kuwekwa shingoni.

“Maji unywe kidogokidogo, Bibi. Na hoho utakula.”

Shangazi alifumba macho. Feni ikazunguka, khanga ikapepea. Baada ya muda alifumbua jicho moja, akamwona Meneja amejinyoosha mahali penye ubaridi zaidi, palipopata upepo wote.

“Huyu mnene,” akasema, “mwambieni asogee.”